Kamati mpya ya kitabu cha mahafali, andikeni majina kamili

Wadogo zangu, nimepitia rasimu yenu nikakuta yaleyale: mgeni rasmi kajaza kurasa, na chini ya picha ya HKL (mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza) mmeandika "Kipanga, Bonge na wana wote wa dawati la nyuma". Hapana jamani.

1. Majina. Pale maktaba kuna kitabu chetu cha miaka ya sabini. Kamati ya wakati ule nayo iliandika majina ya utani tu, maana kila mtu alimjua mwenzake. Mwaka jana akaja dada mmoja kutafuta picha ya marehemu baba yake. Za nyumbani ziliharibiwa na mafuriko ya Jangwani. Tukapitisha kidole safu kwa safu, vijana wembamba, nywele zimetimka. Sura mbili zilifanana na baba yake. Chini: "Komredi" na "Mzee wa Ukoko". Baba hakuwahi kuwasimulia shuleni aliitwa nani. Dada akazipiga zote mbili kwa simu, akaaga. Mpaka leo hajui yupi ni baba yake, na inaniuma sana, kwa sababu mstari mmoja tu ungemaliza kazi. Basi: kushoto kwenda kulia, majina matatu, na la utani kwenye mabano, maana nalo ni lenu.

2. Jina la shule na mwaka kila ukurasa. Tambaza iliwahi kuwa shule ya Aga Khan, Forodhani ikawa St. Joseph's, ukurasa uliochanika haujielezi.

3. Pigeni picha siku za kawaida. Mchakamchaka, foleni ya bwaloni, mwalimu wa zamu na daftari lake. Kitabu kile cha miaka ya sabini watu hukifungua ukurasa wa shamba: wanafunzi wameshika majembe, Elimu ya Kujitegemea imepamba moto, mmoja kavaa shati la sare limetoka kifungo. Wahitimu wake waliagana wakijua watakutana JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa 1994, yakarudi 2013, kwa hiyo vitabu vya katikati havina maagano hayo. Ninyi mnayo, yaandikeni.

4. Risala ifupishwe.

Kazi inakwenda kwa mchapaji Kariakoo Jumatatu. PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mmemaliza, hongereni. HKL, safu ya nyuma bado sina hata jina moja; nileteeni kabla ya prepo ya Ijumaa.