Fundi Nijibu: F-150 ya Tabo, Nguvu Naiongezea Wapi?

Barua za mwezi huu zimelalia upande mmoja, ndugu zetu walioko Marekani wameamka na pikapu zao, na wengi wana Ford F-150 yenye injini ya EcoBoost, ile ya petroli yenye tabo mbili, yaani feni zinazosukuma upepo ndani ya injini. Nimechagua chache, zingine zilikuwa zinauliza kitu kile kile.

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Houston, Texas, nina F-150 ya 2013 yenye EcoBoost ya lita 3.5, nimeichukua mtumba, maili zimeshapita laki moja ila injini imetulia haina kelele. Wikendi navuta trela la kubebea magari. Jamaa yangu ana kifaa cha kutuni, yaani kuandika upya programu ya kompyuta ya injini, unachomeka chini ya usukani unasubiri kidogo basi, anasema gari inakuwa nyingine kabisa, na mi nimetamani. Garaji ninayo nyumbani, spana ninazo. Nianze na hiyo tuni au kuna vitu vya kutangulia? Na petroli niweke ya namba gani, maana Dar nilizoea kusikia 95, huku naona 87, 91, 93, nachanganyikiwa tu.

JIBU: Marahaba kijana wangu. Jamaa yako hajakudanganya, kwenye injini ya tabo hakuna kitu kinacholeta nguvu kwa hela ndogo kama tuni, maana kompyuta ndio inayoamua tabo isukume upepo kiasi gani na kiwandani waliacha nafasi. Ya kwako ilitoka na farasi 365 na tork, ile nguvu ya kuzungusha, ya pauni-futi 420, na hiyo tork inafika mapema, kwenye rpm (mizunguko kwa dakika) 2,500 tu, ndio maana inavuta trela vizuri vile. Tuni nzuri inaongeza makumi ya farasi na tork ndio utaisikia zaidi. Lakini mi nakwambia iweke mwisho, na nieleze kwanini kwa sababu hapa ndio watu wanaua injini nzuri.

Adui wa injini ya tabo ni joto. Tabo inabana upepo, upepo ukibanwa unapata moto, na upepo wa moto una mambo mawili, unabeba oksijeni kidogo alafu unafanya mchanganyiko ujiwashe wenyewe wakati plagi haijataka, ndio ile tunasema injini inagonga. Kompyuta ina sensa za kusikiliza huko kugonga, ikisikia tu inachelewesha moto wa plagi ili kuokoa pistoni, nguvu inashuka. Sasa we fikiria umelipia tuni, mwezi wa nane Houston, trela nyuma, unapanda daraja, upepo unaoingia ni wa moto, kompyuta inakunyang'anya ile nguvu yote uliyonunua, na ukizidi kukandamiza ndio unafika pabaya.

Kwa hiyo anza na plagi. Maili laki moja na mtumba hujui aliyekutangulia alibadilisha lini, usijiulize, toa zote 6. Plagi za injini hii kiwandani zina mwanya wa kama milimita 0.75 mpaka 0.85, na watu wanaotuni wanaubana kufika kama 0.7, sababu yake ni kwamba busti, yaani presha ya upepo wa tabo, ikipanda, msongamano ndani ya silinda unakuwa mkubwa na cheche inashindwa kuruka mwanya mpana, inazimika, gari inamisi. Pima kwa geji, usikazie geji kwenye ile ncha ya katikati kwa sababu ni nyembamba na inakatika, bana ule mkono wa pembeni pole pole. Fanya kazi hii injini ikiwa imepoa kabisa, silinda hedi ni ya alminiamu na ukifungua plagi ya moto unaweza kuondoka na nyuzi za tundu. Puliza vumbi kwenye mashimo kabla hujafungua, alafu wakati wa kurudisha anza kwa mkono mpaka ikatae ndio utumie spana ya kupimia nguvu. Ukiwa umefungua hapo angalia na koili zinazopeleka umeme kwenye plagi, zile mpira zake zikiwa na nyufa badilisha.

Baada ya plagi, intakula, kile kifaa cha kupoza upepo unaotoka kwenye tabo. Hizi za 2011 na 2012 hasa zilikuwa na kesi inayojulikana, siku zenye unyevu maji yalikuwa yanajikusanya ndani ya intakula, alafu dereva akikanyaga mafuta yote ghafla, labda anaovateki, yale maji yanamezwa na injini kwa mkupuo, inamisi na taa ya chek injini inawaka ikipepesa. Ford walitoa maelekezo ya kiufundi kwa mafundi wao kuhusu hilo. Houston unyevu wake unaujua kuliko mimi. Kuna watu wanatoboa kitundu kidogo chini ya intakula maji yatoke, mi sipendi kwa kuwa unavujisha busti uliyoitafuta. Kama hela ipo nunua intakula kubwa iliyotengenezwa kwa gari hiyo, unaifunga mwenyewe nyumbani kwa siku moja bila haraka, kazi kubwa ni kutoa kava za chini na mabomba mawili. Ukirudisha hayo mabomba safisha midomo yake isiwe na oili, klampu ikae kwenye nafasi yake, ukiikosea bomba linachomoka siku ya kwanza ukikanyaga. Ukisikia gari inapiga mluzi imekuwa nzito na skana inatoa kodi P0299, yaani presha ya tabo haifiki, rudi hapo kwenye klampu kabla hujaanza kulaumu tabo.

Kitu cha tatu ni oili, na hapa sitaki ubanie. Injini hii inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli kidogo inapita pembeni ya pistoni na kuingia kwenye oili, inaipunguza uzito, na oili hiyo hiyo ndio inayolainisha shafti ya tabo inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na cheni ya taimingi ambayo kwenye hizi za mwanzo inajulikana kwa kurefuka. Weka 5W-30 ya sinthetiki, iandikwe API SP kwenye kopo, hiyo daraja ilikuja 2020 na ndani yake kuna kinga dhidi ya petroli kujiwasha injini ikiwa imebebeshwa mzigo kwenye rpm za chini, ugonjwa unaovunja pistoni za injini ndogo za tabo. Inachukua kwati 6 pamoja na filta. Ukiwa unavuta trela usingoje ile taa ya kwenye dashibodi, mwaga oili maili 5,000 au chini ya hapo. Na asubuhi ukiwasha baridi ukasikia mbele ya injini kama cheni inakwaruza kwa sekunde chache, tuni sahau kwanza, hela yote ipeleke kwenye cheni.

Petroli sasa. Namba za Dar na namba za Houston hazipimwi kwa njia moja, Dar wanaandika RON peke yake (uwezo wa petroli kutojiwasha yenyewe, ikipimwa kwa jaribio jepesi), Houston pampu inaandika wastani wa RON na MON (jaribio gumu zaidi) ambao siku zote unakuwa mdogo, kwa hiyo 87 ya Texas inakaribia 91 au 92 ya nyumbani, na 91 ya huko ndio 95 uliyoizoea. Bila tuni 87 inakubali, ila ukivuta trela kwenye joto weka 91 au 93 utaona tofauti. Ukishatuni tumia ile petroli ambayo tuni imeandikiwa, ukiandikiwa 93 ukaweka 87 siku moja kwa sababu hela imepungua, umeitega injini yako. Na ile E85 ya bei rahisi, yenye ethanoli nyingi, usiweke, injini yako haikujengwa kwa ajili yake na pampu ya presha ya juu haitatosheleza.

Ukimaliza hayo ndio mwite jamaa yako. Ila usitumie faili lake, omba faili la gari yako, alafu endesha huku kifaa kinarekodi, uangalie joto la upepo unaoingia, kompyuta inachelewesha moto wa plagi kiasi gani, na presha ya petroli. Mtunishaji wa maana atakuomba hizo rekodi atazisoma na kurekebisha. Asiyekuomba mkimbie.

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Mi ni dada niko Columbus, Ohio, nina F-150 ya 2018 ya EcoBoost lita 2.7, sina shida na nguvu, nataka tu inyanyuke mbele na niweke matairi makubwa ya inchi 35, mume wangu anasema tutafanya wenyewe hapa nyumbani. Kuna madhara?

JIBU: Nzuri dada. Kufanya mtafanya, ila hebu tupige hesabu kwanza. Kama ina tairi za 275/65R18, hizo ni inchi 32 na kidogo. Ukienda 35 umeongeza asilimia 9, maana yake spidomita ikisema 60 we uko 65 na ushee, polisi hatakusikiliza hilo. Alafu gia nazo zinakuwa ndefu, difu (gia za ekseli) ya 3.55 inakuwa kama umefunga 3.25, gari inazubaa kuondoka, breki zinasimamisha mzigo mkubwa zaidi, na lita 2.7 yako inatumia busti zaidi kufanya kazi ile ile, yaani joto tena. Na kwa kunyanyua inchi 2 tu, 35 itakwaruza ukikata kona.

Mi ningekushauri 275/70R18, hiyo ni inchi 33, inajaza vizuri, tofauti ya spidomita ni kama asilimia 3 na nusu, na hiyo mnairekebisha wenyewe kwa programu ya FORScan kwenye laptopu na kiunganishi cha kuchomeka chini ya usukani. Kabla hamjagusa namba yoyote hifadhini kwanza faili la asili, na betri iwe kwenye chaja, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika kompyuta ya gari unaweza kuiharibu.

Kwenye kunyanyua mbele nunueni spesa, vile vipande vya kuongeza kimo, zinazokaa juu ya shokapu bila kugusa springi. Hapa nasema kwa ukali kidogo dada yangu, mwambie mzee asifungue ile nati ya katikati juu ya shokapu, ile springi imebanwa na nguvu ya kuua mtu. Gari ikae kwenye stendi, jeki ni ya kunyanyulia tu haikai na mtu chini yake. Mkimaliza pelekeni alaimenti siku hiyo hiyo la sivyo matairi mapya yataliwa upande mmoja, na taa za mbele zishusheni, zitakuwa zinapofua wenzenu barabarani.

SWALI: Bro niko Fort Worth, nataka kutoa katalisti zote mbili, zile za kusafisha moshi, nifunge mabomba wazi, sauti inakuwa noma na tabo zinajaa haraka. Texas si wameshafuta ukaguzi?

JIBU: Tabo kujaa haraka ni kweli, moshi ukitoka bila kizuizi feni ya tabo inazunguka mapema. Lakini kilichofutwa kuanzia Januari 2025 ni ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi, kipimo cha moshi kimebaki kwenye baadhi ya kaunti na Tarrant, kaunti yako ya Fort Worth, imo. Na hata ungekuwa kaunti isiyopima, kutoa katalisti ni kosa kwa sheria ya hewa safi ya serikali kuu, haihusiani na jimbo. Kama ni sauti unataka, badilisha bomba la nyuma ya katalisti, silensa mpaka mwisho, ni halali, bolti chache umemaliza. Hewa ya huko ndio wanayovuta watoto wako pia, mi katalisti siigusi.

SWALI: Fundi, ya kwangu ni ya 2023 bado ina waranti. Nikituni alafu nikarudisha ya kiwandani kabla ya kwenda kwa dila, watajua?

JIBU: Watajua. Kompyuta inatunza kumbukumbu za kuandikwa upya, kurudisha faili la asili hakufuti alama. Waranti ya injini na gia boksi ni miaka 5 au maili 60,000, kinachotangulia. Kuna sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inayokulinda, kampuni haiwezi kukunyima waranti ya dirisha eti kwa sababu umebadilisha filta, inabidi waonyeshe ulichofunga ndio kimeleta ubovu. Ila pistoni ikivunjika kwenye gari iliyotuniwa, kuwaonyeshea hivyo ni rahisi sana kwao. Subiri waranti iishe. Mpaka hapo cheza na tairi, breki, taa na intakula.

SWALI: Naomba kujua, nikishaijenga F-150 yangu vizuri nataka nije nayo nyumbani Nairobi nikirudi. Inawezekana?

JIBU: Kwa Kenya pole ndugu, gari yenye usukani wa kushoto hairuhusiwi kusajiliwa isipokuwa za kazi maalum kama ambulansi na zimamoto, na hata ukihamisha usukani isiwe imepita miaka 8. Australia ndio Ford waliweka utaratibu rasmi wa kuzihamishia usukani kulia, Melbourne, kuanzia 2023, na ni kazi ya kiwanda kizima sio ya garaji ya nyumbani. Kabla hujaweka hela nyingine kwenye hiyo gari kwa mawazo ya kuja nayo, simama hapo. Iuze huko kwa wanaoijua na vitu vyako ulivyofunga viuze pembeni, intakula na rimu zinapata bei nzuri zikiuzwa peke yake kuliko zikienda na gari.