Barua kwa mwanangu: Usiviache vidonge

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu uliniuliza: "Mama, sukari yangu ya asubuhi imeshuka mpaka 5.8, na hivi vidonge vya kisukari, hizi metformin, zinanisumbua tumbo. Kwa nini nisiziache?" Nilikujibu harakaharaka kwa sababu wageni walikuwa barazani. Leo nimekaa nikuandikie vizuri.

Hiyo 5.8 ni kazi ya vidonge. Kabla hujaanza ulikuwa na 11 na hujatia kitu mdomoni. Ini lako lilikuwa likimwaga sukari kwenye damu usiku kucha, wewe umelala, na metformin ndiyo inayolizuia. Ukiiacha, litarudia yale yale.

Mimi niliacha. Hukuambiwa, ulikuwa chuoni. Nilipima nikakuta 5.9, nikafurahi, nikavifunga vidonge kwenye leso nikaviweka juu ya kabati, nikasema nimepona. Miezi miwili sikusikia chochote, na hapo ndipo nilipodanganyika. Asubuhi moja nafagia, kugeuka nyuma naona matone ya damu sakafuni, yamenifuata kutoka mlangoni. Kipande cha chupa kilikuwa kimezama unyayoni, nami sikuhisi hata kidogo. Kumbe miguu ilishaanza kufa ganzi. Zahanati walipima: 18.3. Kidonda kile kilifunga baada ya miezi minne, na wewe tulikwambia mama kajikwaa. Nisamehe, mwanangu.

Sasa hilo tumbo. Meza kidonge katikati ya chakula au ukimaliza tu kula, usimeze tumbo likiwa tupu. Likiendelea kukusumbua, mwambie daktari. Anaweza kushusha dozi kisha aipandishe polepole, au akupe zile zinazoyeyuka taratibu tumboni, ambazo hazivunjwi wala hazitafunwi. Wengi hutulia baada ya wiki chache.

Na hao wanaokwambia metformin inaua figo, usiwasikilize. Kinachoua figo ni sukari kukaa juu miaka nenda miaka rudi. Daktari anakupima figo kwa kuwa zikidhoofika dozi hupunguzwa au dawa ikabadilishwa.

Ukija nyumbani usiguse dawa zangu, hata zako zikikuishia. Mimi nimeongezewa glibenclamide, na hiyo ukimeza ukachelewa kula, sukari inaporomoka: jasho jembamba, mikono inatetemeka, maneno yanakupotea. Ndiyo maana unaniona natembea na sukari kwenye mkoba. Metformin peke yake ni nadra kukufikisha huko.

Kuna watu waliopungua uzito, wakabadili mlo, daktari akawapunguzia dawa, hata akawaachisha. Huenda ukawa mmoja wao. Mwombe akupime HbA1c, ile inayoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kisha muulize yeye swali uliloniuliza mimi. Majibu yakitoka nitumie siku hiyo hiyo.

Na leo kabla ya kulala, chukua kioo ukague nyayo zako.

Mama yako