Lenzi ya zumu ya f/2.8 kwa harusi na potreti: anza na kamera uliyonayo na chumba kidogo utakachoingia

Ndugu mleta mada, umesema unapiga picha za harusi hapa Moshi kwa Canon 70D na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo (namba hizi ni urefu wa lenzi kwa milimita: ndogo huona kwa upana, kubwa huvuta vya mbali), kwamba picha za ukumbini zinatoka na chenga, na kwamba umepata 24-70 f/2.8 iliyotumika ambayo muuzaji anakuhimiza uichukue kabla ya harusi za Desemba. Nimeifanya kazi hii kati ya Moshi na Arusha kwa miaka tisa, na ununuzi unaotaka kuufanya niliufanya mimi, kwa hiyo naomba nikujibu kwa urefu. Lenzi ya f/2.8 unaihitaji kweli. Ila kwa kamera hiyo, 24-70 siyo lenzi yako. Tafuta 17-55 au 17-50.

Nianze na mwanga, kwa kuwa ndio unaokusumbua. Lenzi uliyonayo, ukiivuta hadi 55, tundu lake la kuingiza mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikipungua, tundu huwa wazi zaidi). Kati ya f/5.6 na f/2.8 kuna hatua mbili, na kila hatua huongeza mwanga maradufu, kwa hiyo lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya huo. Pale ulipolazimika kupanda hadi ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga, na ikipanda chenga huongezeka) ili shata, yaani muda wa kamera kupokea picha, ibaki 1/125 ya sekunde, utapiga kwa ISO 1600, na kwa 70D hiyo ni tofauti kati ya picha ya kuwekwa kwenye albamu na picha ya kutumwa kwenye simu tu. Wapo watakaokuambia kwamba flashi inatosha. Ingetosha kama kumbi zetu zingekuwa na dari nyeupe na fupi, lakini wapambaji hutanda vitambaa dari nzima, zambarau au dhahabu, kufuatana na rangi walizochagua maharusi, na ukielekeza flashi juu mwanga unarudi ukiwa na rangi ya kitambaa na kulala juu ya shela. Katika ukumbi wa namna hiyo mimi hutumia flashi kidogo sana na kuacha lenzi ichukue mwanga uliomo.

Faida nyingine, ambayo naona haisemwi vya kutosha, ni fokasi. Kamera hutafuta fokasi tundu likiwa wazi kabisa, hata kama umepanga kupiga kwa f/8, na katika 70D nukta ya fokasi ya katikati imeundwa ili iwe makini zaidi inapopewa lenzi ya f/2.8 au iliyo wazi kuliko hapo. Utaliona hilo maharusi wanapoingia ukumbini, taa zimepunguzwa na mshehereshaji ameshawasimamisha wageni: lenzi ya f/5.6 inakwenda mbele na kurudi ikitafuta, na kabla haijashika, maharusi wameshapita.

Sasa upana. 70D ni kamera ya kropu, yaani kihisi chake cha picha ni kidogo kuliko cha kamera ya fulu fremu, kwa hiyo huona eneo finyu zaidi; ili kulinganisha, kwa Canon unazidisha namba za lenzi kwa 1.6. Hiyo 24-70 itaona kama 38-112 ya kwenye fulu fremu, ilhali 17-55 itaona kama 27-88. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo, lakini ndani ya nyumba ni kubwa mno. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na kamera ya kropu na 24-70, nikaitwa kwenye harusi Machame. Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, wazee walitaka kumbariki binti sebuleni. Makochi yalikuwa pande tatu, kabati la vyombo upande wa nne, na watu kama ishirini ndani. Nilisimama mgongo ukigusa kioo cha kabati, nikairudisha zumu hadi 24, na bado nilikuwa napata ama binti aliyepiga magoti, ama bibi yake mzaa baba aliyesimama juu yake na jani la isale, mmea wa mila wa Wachaga, mkononi, si wote wawili. Nilichagua uso wa binti. Familia ilipokuja kuchagua picha za albamu, mama yake aliuliza kwa upole mkono wa bibi uko wapi, na sikuwa na cha kumwonyesha.

Baada ya hapo nilitafuta Canon 17-55 f/2.8 yenye kituliza mtikisiko, iliyotoka mwaka 2006, nikafanya nayo kazi mpaka nilipobadilisha kamera. Ndafu, yaani mbuzi mzima aliyebanikwa, inapoingizwa, majani mdomoni na fataki zikiwaka, huwezi kurudi nyuma, kwa kuwa nyuma yako kuna mashangazi na simu zao. Unasogea mpaka mkono wa bwana harusi anayemlisha mama mkwe uko karibu kuigusa lenzi, na kwa 17 bado unawapata wote wawili pamoja na sinia. Angalizo langu ni kwamba lenzi pana huvuta vilivyo pembeni mwa picha, kwa hiyo katika picha za familia usimpange mtu ukingoni kabisa ukiwa 17, hasa mtu mzima mwenye mwili. Rudi nyuma, vuta hadi 28 au 35, funga tundu hadi f/5.6 au f/8 ili mstari wa nyuma nao uwe safi.

Kwa potreti, 55 ya kropu ni kama 88, na hapo sura ya mtu inakaa vizuri bila pua kukuzwa. Maharusi wakitaka Kilimanjaro nyuma yao, wapeleke asubuhi na mapema au jioni mlima unapojifungua, rudi nyuma hatua nyingi kisha vuta hadi 55. Ukiwasogelea kwa 17, Kibo, kilele cha mlima huo, inageuka kilima kidogo juu ya bega la bwana harusi. Kanisani ndipo utakapopungukiwa, kwa kuwa mapadri na wachungaji wengi hawapendi mpiga picha asogelee altare, na kutoka benchi la tatu 55 haifiki kwenye pete. Kwa hilo utahitaji baadaye 85 f/1.8, ambayo ni ndogo na haina bei kubwa.

Kama 17-55 ya Canon itakushinda bei, Sigma 17-50 f/2.8 yenye kituliza mtikisiko ni lenzi nzuri na nimeona kazi safi zilizofanywa nayo. Tamron nazo zipo, ila jua kwamba zumu yake huzungushwa kinyume na ya Canon, na mkono uliozoea utakuchelewesha mwanzoni. Kituliza mtikisiko kitakusaidia maharusi wanapokula kiapo wakiwa wametulia, hata kwa shata ya 1/30. Bibi harusi akianza kucheza na matarumbeta hakikusaidii chochote, hapo ni shata tu.

Hali moja tu ingenifanya nibadili ushauri: kama una uhakika wa kuhamia 6D au fulu fremu nyingine ndani ya mwaka. Lenzi za EF-S, yaani za Canon zilizotengenezwa kwa kamera za kropu, kama hiyo 17-55, haziingii kwenye kamera hizo, na hapo 24-70 ina maana, ama Canon toleo la pili la mwaka 2012, gramu 805 na bila kituliza mtikisiko, ama Tamron G2 ya mwaka 2017 iliyo nacho.

Lenzi yoyote iliyotumika, usitoe hela kabla ya kuipima mwenyewe. Nenda mchana na kamera yako. Vua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande wa nyuma na utazame kutoka mbele: vumbi kidogo halina neno, na 17-55 inajulikana kwa kuvuta vumbi nyuma ya kioo cha mbele, lakini ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, rudisha. Kisha piga ukuta wa matofali kwa f/2.8, kamera ikiwa imetulia na imeukabili ukuta sawasawa, kwa 17, kwa 35 na kwa 55, uzikuze picha na ulinganishe pembe ya kushoto na ya kulia. Lenzi iliyowahi kuanguka mara nyingi huwa laini upande mmoja. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuzia ya namna hiyo, nami nikaijua siku ya tatu, nikiwa nimeshapiga sendofu nzima nayo.

Ukiipata, isikae kwenye begi lililofungwa wakati wa masika. Huku kwenye miteremko ya mlima unyevu haukauki, na fangasi hupenda giza. Mimi nina ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na ndani yake pakiti za silika ambazo huzibadilisha mara kwa mara. Na msafara unapokwenda barabara ya vumbi nyuma ya gari la matarumbeta, usibadilishe lenzi hata kidogo; hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kupendelea zumu moja nzuri kuliko lenzi tatu zisizo na zumu.

Ile 18-55 usiiuze, hata ukipata mnunuzi. Iweke mfuko wa pembeni wa begi, ikiwa safi, kwa siku ambayo hiyo kubwa itagoma kufanya fokasi katikati ya ibada.