Je, ukombozi ni mpango wa pili wa Mungu?

SWALI: Nafundisha darasa la watu wazima wanaojiandaa kwa ubatizo. Masomo yangu yanaanzia Mwanzo 3, dhambi, kisha yanakwenda moja kwa moja msalabani. Mwanafunzi mmoja ameuliza: kama Mungu aliumba vyote vikiwa vyema, na sasa anaokoa roho zetu tu huku dunia ikingoja kuteketezwa kama asemavyo Petro, je, kazi yake ya kwanza haikumshinda? Uumbaji na ukombozi vinahusianaje, na nipangeje masomo?

JIBU: Mwanafunzi wako amegusa penyewe. Kama Mungu anaokoa roho na kuuacha ulimwengu upotee, basi hoja yake haina jibu. Kwa hiyo usihangaike kumtetea Mungu dhidi ya hitimisho hilo. Rudi kwenye dhana iliyolizaa. Imani ya Kikristo haifundishi kwamba ukombozi unachukua nafasi ya uumbaji. Inafundisha kwamba Muumba mwenyewe anakidai kilicho chake, anakitoa katika dhambi na mauti, na kukifikisha kwenye kusudi alilokiumbia.

Kanisa lilipambana na swali hili mapema sana. Mnamo mwaka 144 huko Roma, mwalimu aitwaye Marcion alitengwa na kanisa. Alifundisha kwamba Mungu aliyeumba ulimwengu, yule wa Agano la Kale, ni mwingine, na Baba wa Yesu ni mwingine. Angalia kosa hilo lilivyoenea: alilikataa Agano la Kale lote, akabaki na Injili ya Luka iliyopunguzwa pamoja na nyaraka 10 za Paulo, na akakana kwamba Kristo alizaliwa katika mwili kama wetu. Mambo hayo yanafuatana. Ukombozi ukitengwa na uumbaji, mwili ndio unaokosa mahali kwanza: mwili wa Kristo, kisha wetu.

Askofu Ireneo wa Lyon, aliyeandika karibu na mwaka 180, alijibu kwa kushika Waefeso 1:10, kwamba vitu vyote vinajumlishwa katika Kristo. Kristo anaipita upya njia ya Adamu, akitii pale Adamu alipoasi, na anafanya hivyo akiwa na mwili wa udongo uleule. Katika karne ya 4 askofu Atanasi wa Aleksandria aliongeza hoja ambayo naona ndiyo ya kumpa mwanafunzi wako: kwa kuwa Baba aliuumba ulimwengu kwa Neno lake, yaani Mwana, ilifaa aufanye upya kwa Neno huyohuyo. Ndiyo maana Kanuni ya Imani ya Nikea inamkiri Mwana kwanza kuwa yeye ambaye kwake vitu vyote vilifanyika, ndipo iseme alishuka kwa ajili ya wokovu wetu. Anayeshuka anaingia katika kilicho chake mwenyewe.

Andiko la kukaa nalo kwa muda mrefu darasani ni Wakolosai 1:15-20. Lina sehemu mbili zinazoangaliana. Kwanza Kristo ni “mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote”, kisha ni “mzaliwa wa kwanza katika wafu”. Katika sehemu ya kwanza vitu vyote vimeumbwa katika yeye, kwa njia yake na kwa ajili yake. Katika ya pili vitu vyote vinapatanishwa kwa damu ya msalaba wake. Waambie wanafunzi wapigie mstari “vitu vyote” kila mahali, kisha waulize: je, upatanisho umetajwa kuwa mdogo kuliko uumbaji? Wataona wenyewe kwamba haukutajwa hivyo. (Hilo peke yake halithibitishi kwamba kila mtu ataokoka, onyo la mstari wa 23 linabaki palepale.)

Sasa, “mpango wa pili”. Tenganisha mfuatano wa matukio na mpangilio wa kusudi. Kwa matukio, dhambi imetangulia msalaba. Kwa kusudi, lile neno la Wakolosai 1, kwamba vitu vyote viliumbwa “kwa ajili yake” Kristo, limetangulia dhambi. Wanateolojia wamebishana kama Mwana angetwaa mwili hata kama Adamu asingeanguka. Thoma wa Akwino aliona ni salama zaidi kusema hapana, kwa sababu Maandiko yanaitaja dhambi kuwa sababu ya umwilisho. Yohane Duns Scotus aliona kwamba utukufu wa Kristo hauwezi kutegemea kosa la mwanadamu. Darasa lako halilazimiki kuamua. Linalopaswa kushika ni kwamba pande zote mbili zinakataa wazo la Mungu aliyeshtukizwa.

Lipo kosa la upande wa pili ambalo walimu wengi hawalioni: kuuchanganya uumbaji na anguko, yaani kuingia kwa dhambi. Kuchoka, kuhitaji chakula, kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, kutojua yote, hayo ni hali ya kiumbe, wala si dhambi. Yesu alichoka na kulala. Ukifundisha kwamba tunaokolewa kutoka katika ubinadamu wetu, umemrudisha Marcion kwa mlango wa nyuma. Na ukisema uumbaji ni mwema kiasi kwamba hauhitaji kukombolewa, msalaba unakosa kazi. Warumi 8:19-23 inazuia yote mawili: viumbe viko katika utumwa wa uharibifu, na hivyohivyo ndivyo vitakavyowekwa huru.

Kwa masomo, anza na Mwanzo 1–2 pamoja na Zaburi 104, na usiifikie Mwanzo 3 kabla darasa halijaielewa 1:31, ambako Mungu anaona kila alichokifanya kuwa chema sana. Isome Mwanzo 3 pamoja na 9:8-17, ambako Mungu anaweka agano na kila chenye uhai. Kisha soma amri ya Sabato mara mbili, Kutoka 20:11 na Kumbukumbu la Torati 5:15. Amri ni moja, lakini sababu ni mbili: ya kwanza uumbaji, ya pili kutolewa Misri. Sijui zoezi linalofundisha uhusiano huu kwa haraka zaidi. Isaya 43:1 inaunganisha yote katika sentensi moja: aliyekuumba ndiye asemaye nimekukomboa. Hapo sasa nenda Yohana 1:1-14, Wakolosai 1, na ufufuo.

Kwenye ufufuo usiharakishe. Kaburi lilikuwa tupu. Mungu hakumtengenezea Yesu mwili mwingine na kuuacha wa kwanza uoze. Mwili uliosulubiwa ndio uliotukuzwa, alama zake zikiwemo (Yohana 20:27), na Luka 24:42-43 inasema alikula samaki. Huo ndio mfano wetu wa jinsi Mungu anavyofanya upya: mabadiliko ni makubwa sana, na anayebadilishwa ni yuleyule.

Ukiwa na hilo mkononi, fungua 2 Petro 3, kwa kuwa mwanafunzi wako ataitaja tena. Usiupunguze moto wa mstari wa 10; hukumu ni ya kweli. Ila msomeshe kuanzia mstari wa 6. Petro anasema dunia ya wakati wa Nuhu iligharikishwa na maji ikaangamia, na bado nchi aliyoikanyaga Nuhu aliposhuka safinani ni ileile aliyoumba Mungu. Kuangamia huko kulikuwa hukumu juu ya uovu. Petro mwenyewe ndiye anayeuweka moto sambamba na gharika, na mstari wa 7 unawataja wanaoangamia: wanadamu wasiomcha Mungu. Mstari wa 13 unamaliza kwa nchi mpya ambayo haki yakaa ndani yake.