Mama unayeuliza kama kutafiti uzee kwa hamira ni kazi ya maana

Mama, umesema kijana wako yuko mwaka wa pili wa bayolojia, ameshikilia kwamba atatafiti uzee kwa kutumia hamira, na baba yake anaona ni kuchezea karo. Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni na kazi hiyo nimeifanya, kwanza ng'ambo, kisha hapa Mombasa. Mwanao hachezi.

Hamira yenyewe ni hii hii tunayoumulia unga wa mahamri. Ni kiumbe cha seli moja, lakini seli hiyo ina kiini kama zetu, kromosomu 16 na jeni zipatazo 6,000. DNA yake yote ilishasomwa tangu 1996. Yoshinori Ohsumi alipata Nobel ya 2016 kwa kuchunguza ndani ya hamira jinsi seli inavyojila na kusafisha taka zake.

Sasa uzee. Hamira haigawanyiki nusu kwa nusu: mama huchipua mtoto ubavuni, mtoto akiachana naye hubaki kovu. Mwaka 1959 watafiti Mortimer na Johnston walionyesha kwamba mama ana kikomo. Huzaa mara ishirini na kitu hivi, halafu huacha, halafu hufa. Mtoto kwa kawaida huanza hesabu upya. Kwa nini mama azeeke na mtoto azaliwe kijana? Swali hilo limenikosesha usingizi, na bado nalipenda.

Kuhesabu ndiko kunakochuja watu. Unakaa kwenye hadubini, mbele yako mama arobaini wamepangwa mstari juu ya agari, ile jeli ya kukuzia vijidudu iliyomwagwa kwenye sahani. Kila baada ya dakika 90 hivi mtoto ametoka. Unamsogeza kando kwa sindano nyembamba ya kioo, unaandika alama moja, unakwenda kwa mwingine. Ukimsukuma mama ukamwacha mtoto, safu hiyo imeharibika. Usiku sahani zinaingia friji ili uzazi usimame, asubuhi unaendelea. Wiki tatu, nne.

Niliporudi nyumbani nilianza jaribio kama hilo chuoni. Wiki ya tatu, Ijumaa usiku, umeme ukakatika na jenereta haikuwaka. Hamira hustawi kwenye nyuzi 30, na Februari yetu unaijua. Jumatatu nilikuta kila mama amezungukwa na wajukuu na vilembwe, simtambui yeyote. Nilikaa kwenye kiti nikalia. Kesho yake nikapanga arobaini wengine.

Mwambie pia asivutwe na habari za dawa za ujana. Jeni iitwayo SIR2 ndiyo iliyozizua: mwaka 1999 maabara ya Leonard Guarente, Marekani, ilitangaza kwamba nakala moja ya ziada humrefushia mama wa hamira maisha kwa takriban asilimia 30. Baadaye ikasemekana hata minyoo na nzi wanarefuka umri. Mwaka 2011 wengine wakarudia, wakasawazisha nasaba za wadudu wale ili watofautiane kwa jeni hiyo tu, na athari haikuonekana. Kwenye hamira matokeo yamesimama. Kumwuzia mzee wa Likoni vidonge kwa sababu hiyo ni dhuluma.

Ajira? Maabara za uzee wa hamira ni chache, sitakudanganya. Lakini ukishajua kukata jeni, kuzidisha DNA na kusoma takwimu, mikono hiyo inatakiwa kwingi. Kilifi pale, KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wanachunguza malaria kwa stadi hizo hizo. Takwimu asizikimbie, wenzangu wengi walikwama hapo, si kwenye bayolojia.

Kabla hajaomba uzamili, akae na hadubini ya chuo. Ayeyushe punje za hamira kwenye maji vuguvugu yenye sukari, atone tone moja kwenye kioo, amchague mama mmoja, amtazame hadi azae. Ni saa moja na nusu. Akimaliza akataka kumwona wa pili, mpe karo.