Korodani moja imeenda baada ya kujisokota? Itunze hivi iliyobaki

Kila kijana aliyepasuliwa kwa shida hii ana swali moja ambalo anaona aibu kuuliza, je ntazaa? Mimi ya kushoto ilitolewa, nimebaki na ya kulia na ni baba, na wanaume wengi wenye moja iliyo nzima wanazaa vizuri tu. Ila sasa huna akiba, ndo maana naandika.

Kwanza ulizia kama ile ya pili ilishonwa. Ile kamba inayopeleka damu ikijisokota mara nyingi ni kwa sababu korodani haikushikiliwa vizuri toka kuzaliwa, na hali hiyo huwa iko pande zote mbili, kwa hiyo daktari huishona na nzima ili isizunguke. Usidhani tu imefanyika, muulize. Na kama ile iliyojisokota haikutolewa, ilisokotolewa ikaokolewa, bado uiangalie, inaweza kusinyaa miezi ya mbele hata kama haiumi.

Kipimo cha mbegu usikikimbilie wiki ya pili. Mbegu inachukua kama siku 74 kutengenezwa, kwa hiyo subiri miezi mitatu hivi, halafu kaa siku 2 mpaka 7 bila kumwaga ndo upeleke sampuli. Mwongozo wa WHO wa 2021 unataja milioni 16 kwa mililita kama kiwango cha chini lakini chini ya hapo haimaanishi huzai, na jibu moja baya halitoshi, rudia.

Sasa hapa naomba unisikilize sana ndugu yangu. Ukishabaki na moja utaanza kuhisi uanaume umepungua, uchovu kidogo tu unasema homoni, na gym hakukosekani mtu wa kukwambia uchome sindano za testosteroni. Usichome!! Ubongo ukiona testosteroni imejaa kutoka nje unaacha kuiamrisha korodani ifanye kazi, mbegu zinashuka na zinaweza kuisha kabisa, na kurudi ni miezi mingi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Kama kweli uko chini pima damu, halafu mwambie daktari waziwazi kwamba unataka watoto, maana ziko dawa nyingine zinazoamsha korodani yenyewe badala ya kuilaza. Hili linaniuma kwa sababu vijana wanaharibu kitu kilichokuwa kizima.

Mengine unayajua, sigara acha, pombe punguza, sauna na laptopu ya moto mapajani hapana, korodani inataka ubaridi kuliko mwili. Kondomu usidharau, kisonono na klamidia zinaweza kuziba njia ya mbegu na wewe njia unayo moja. Ukicheza mpira au ngumi vaa kinga ya korodani. Ukiambiwa una saratani na unaanzishiwa dawa kali, uliza kugandisha mbegu kabla ya dozi ya kwanza.

Na mkishaanza kutafuta mtoto msisubiri mwaka mzima kama wengine, nendeni mapema wote wawili.

Maumivu ya ghafla yakija upande uliobaki, hata kama ulishonwa, hata kama ni saa nane usiku, usimeze panadoli ulale. Una kama masaa 6 tu ya kuiokoa kwa uhakika mzuri. Nenda hospitali yenye upasuaji, na pale mapokezi sema kwanza kabisa kwamba unayo moja tu.