Usitangaze pasipoti: kwa wanaoanza dawati la michezo Arusha na Moshi

Ukiingia dawati la michezo la redio au gazeti hapa Arusha au Moshi, utakuta sifa zimeshagawiwa kabla hujafika. Mkenya ana pumzi, Mkongo ana chenga, Mghana ana misuli, Mjerumani ana nidhamu. Zinakaa mdomoni tayari, na dakika ile ambayo hukuona vizuri kilichotokea uwanjani ndiyo zinatoka zenyewe. Tunakushauri ujizoeze kuzikamata mapema, na mazoezi uyaanzie kwenye mchezo ambao huna timu unayoshabikia: hoki ya barafuni.

Ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini ilianzishwa 1917, na kwa miongo mingi wachezaji wake karibu wote walikuwa Wakanada. Wachezaji wa Ulaya walipoanza kuingia kwa wingi kuanzia miaka ya 1970, hukumu ilikuwa imeshaandikwa: Mswidi ni laini, Mrusi ana ufundi ila haeleweki, Mkanada ndiye mwenye moyo. Beki wa Uswidi, Börje Salming, alitua Toronto 1973 akaitwa kuku, yaani mwoga, na wapinzani wakamwandama kwa fimbo na mabega kuona kama atakimbia. Alicheza NHL hadi 1990, na 1996 akawa Mswidi wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Heshima la hoki. Mwaka 2004 mchambuzi Don Cherry alisema kwenye televisheni ya umma ya Kanada kwamba wengi wanaovaa kinga ya macho ni Wazungu wa Ulaya na Wakanada wa Kifaransa, kana kwamba kulinda jicho ni upungufu wa taifa. Kuanzia msimu wa 2013 ligi iliifanya kinga hiyo kuwa lazima kwa kila mchezaji mpya.

Angalia sasa namna sifa hizi zinavyojilinda, maana hapo ndipo wengi wanateleza. Vladimir Konstantinov, beki Mrusi wa Detroit miaka ya 1990, alikuwa miongoni mwa wagongaji wakali kabisa wa ligi. Akahesabiwa kuwa Mrusi wa aina ya pekee, na kauli kuhusu Warusi ikabaki palepale. Wayne Gretzky, Mkanada, alishinda kwa kuona pasi ambazo wengine hawakuziona, wala si kwa kugongana. Hakuna aliyesema anacheza kinyume na Ukanada. Walisema ni kipaji. Mgeni akienda kinyume na sifa anaitwa wa pekee, mwenyeji akienda kinyume anaitwa bingwa, na sifa yenyewe haiguswi na ushahidi wowote. Ukiona kauli ambayo hakuna tukio linaloweza kuivunja, itoe kwenye nakala yako.

Hatusemi tofauti za uchezaji hazipo. Zipo, na zina sababu zinazopimika. Uwanja wa NHL una upana wa takriban mita 26, huku uwanja wa kimataifa uliozoeleka Ulaya ukiwa na mita 30. Kwenye uwanja mwembamba mchezaji anafikiwa haraka na kugongwa. Kwenye ule mpana ana nafasi ya kuzunguka na kushikilia mchezo. Klabu ya jeshi ya CSKA Moscow enzi za Usovieti iliwaweka wachezaji kambini takriban miezi 11 kwa mwaka, watano walewale wakicheza pamoja, kwa hiyo pasi zao zilionekana kama za watu wanaosomana mawazo. Hiyo ni kambi na ratiba, haimo kwenye damu. Ukipata sababu ya namna hii, itaje. Ni habari nzuri kuliko sifa.

Sasa rudi nyumbani. Filbert Bayi wa Karatu aliongoza mbio za mita 1500 za Christchurch mwaka 1974 tangu mwanzo hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia. Juma Ikangaa naye alijulikana kwa kukimbia mbele, na 1989 alishinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:01. Kwa hao wawili mtu angeweza kuandika kwamba Mtanzania hukimbia kwa kuchomoka mapema. Kisha Septemba 2025 Alphonce Simbu akachukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo kwa kumpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye utepe wenyewe, wote wakiandikiwa 2:09:48, tofauti ikiwa sekunde 0.03. Bendera moja, mbinu tofauti kabisa. Ungemweleza Simbu kwa sifa ya Bayi, ungekosa mbio nzima.

Kwa vitendo, maandalizi ndiyo nusu ya kazi. Kabla ya mechi, tengeneza karatasi ya kila mchezaji: klabu, nafasi, mguu anaoutumia, alikolelewa kisoka, dakika alizocheza mechi tatu zilizopita. Uraia uweke safu ya mwisho. Sababu ni rahisi: mtangazaji akikwama husoma kilicho karibu na jicho. Pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mvua ikinyesha na namba haisomeki, usiseme "yule Mghana". Sema "beki wa kushoto", kisha taja jina ukishaiona namba.

Hewani, anza na kitendo. "Amempita beki kwa kuusukuma mpira nje na yeye kuzunguka ndani" inamtosha msikilizaji. Ukihisi unataka kuongeza sifa, badilisha taifa kichwani: ungesema hivyohivyo kama angekuwa Mnorwe? Kama sentensi inaanguka, iache. Ukimya wa sekunde mbili na kelele za jukwaa hauharibu matangazo.

Kwenye Kilimanjaro Marathon pale Moshi kosa la kawaida ni kusubiri uwanja wa Ushirika, kupata muda wa mshindi tu, na kujaza nafasi iliyobaki kwa "Wakenya watawala". Mpe mwenzako aliye njiani kazi ya kuandika muda wa kundi la mbele kwenye kilomita ya 10, ya 21 na ya 30. Hapo utajua nani aliongeza kasi na wapi. Piga hesabu: 2:09:48 ni wastani wa dakika 3 na sekunde 5 hivi kwa kilomita. Mshindi usimuulize siri ya nchi yake. Muulize aliamua kuondoka kilomita ya ngapi, na aliona nini kwa aliyekuwa naye.

Habari za mashirika ya nje zisome mara mbili kabla ya kuzitafsiri. Tukio, muda na matokeo chukua. Sifa za taifa ziache hukohuko.

Kisha jihesabu. Mwaka 2020 kampuni ya RunRepeat ilichambua kauli zaidi ya 2,000 za watangazaji wa Kiingereza katika mechi 80 za ligi kubwa za Ulaya. Wachezaji wenye ngozi nyeusi zaidi walikuwa na uwezekano mara 6.59 zaidi wa kuzungumziwa kwa nguvu zao, huku sifa za akili zikielekea kwa wenye ngozi nyeupe zaidi. Wewe huhitaji kampuni. Chukua rekodi ya kipindi cha kwanza, chora safu nne: nguvu, kasi, akili, bidii. Weka alama kila unapomsifu mtu, na pembeni andika anatoka wapi. Inachukua kama saa moja na nusu, na usiifanye peke yako. Mwenzako atasikia unachokipita.

Fanya hivyo mapema, kwa sababu Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa AFCON 2027 na Arusha imepangiwa uwanja mpya. Na ukigundua umeshamtaja mtu kwa taifa badala ya alichofanya, sahihisha kwenye taarifa inayofuata: jina lake kamili, dakika, na kitendo.